Diski Kubwa Katika Kompyuta ya Zamani: Mambo ya Kuzingatia

Kompyuta ya mezani ya zamani inapojaa, si lazima itupwe. Mara nyingi hutosha kuifungia diski kuu yenye nafasi zaidi. Hata hivyo, iwapo kompyuta hiyo haina uwezo wa kuitambua diski yote, kumbukumbu zinaweza kuharibika pasipo onyo.

Diski hugawanywa katika sehemu ndogo ziitwazo sekta, kila moja ikiwa na baiti 512 na namba yake. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2002 hutumia namba za biti 28, zinazotosha sekta 268,435,456 pekee, yaani takriban gigabaiti 137. Kiwango cha ATA-6 cha mwaka 2002 kilipanua namba hizo hadi biti 48.

Kompyuta yenye ukomo huo ikifungiwa diski ya gigabaiti 250, kwa kawaida huonesha 137 tu. Hatari kubwa hutokea pale data inapoandikwa kuvuka mpaka huo, kwani inaweza kurudi mwanzoni mwa diski na kufuta iliyokuwapo. Windows XP ya mwaka 2001 ilikuwa na upungufu huo hadi ilipotolewa Service Pack 1 mwaka 2002.

Mpaka wa pili ni terabaiti 2.2, unaotokana na jedwali la kugawia diski liitwalo MBR. Diski inayozidi hapo huhitaji jedwali la GPT ili itumike yote, na Windows huweza kuwaka kutoka diski ya GPT endapo tu kompyuta inatumia UEFI badala ya BIOS ya zamani.

Kabla ya kununua diski, mtumiaji anashauriwa kukagua iwapo kompyuta inapokea waya mpana wa IDE au mwembamba wa SATA. Kabla ya kazi kuanza, nakala ya kumbukumbu zote ihifadhiwe kwingine, kompyuta izimwe na waya wa umeme uchomolewe.

Baada ya kufunga, ukubwa unaosomeka kwenye BIOS na kwenye Windows ulinganishwe na ulioandikwa kwenye diski. Windows ikionesha 232 kwa diski ya gigabaiti 250, hiyo si kasoro, bali ni tofauti ya namna ya kuhesabu. Ikionesha 128, diski haijatambuliwa yote, na kumbukumbu zisihamishiwe humo hadi tatizo litatuliwe.