Fahirisi ya Madrid na Kura ya Catalonia

Kura ya maoni ya kujitenga inapokaribia, watu wa soko la hisa huulizwa swali moja kila jioni: fahirisi imefunga ngapi leo? Ikishuka, wanaopinga kujitenga husema soko limeogopa. Ikipanda, wanaounga mkono husema soko limeshazoea. Pande zote mbili huitwisha fahirisi mzigo usio wake. Fahirisi ni wastani wa bei za hisa za kampuni kadhaa, kila moja ikihesabiwa kwa uzito wa thamani yake sokoni. Mwendo wake siku za kura hutegemea mambo ambayo hayatajwi sana majukwaani: kampuni zilizomo zinapata fedha zao wapi, kama nchi ina sarafu yake inayoweza kushuka, na kama kura yenyewe ina tarehe na kanuni ambazo pande zote zimezikubali. Catalonia ya mwaka 2017 ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote, kwa kuwa huko mambo hayo yote yalikwenda kombo kwa pamoja.

Fahirisi kuu ya Uhispania inaitwa IBEX 35. Ilianza Januari 1992, na hukusanya hisa 35 zenye ukwasi mkubwa zaidi, yaani zile zinazonunulika na kuuzika kwa urahisi, huku kamati ya wataalamu ikipitia orodha mara kwa mara kuamua nani aingie na nani atoke. Mwaka 2017 uzito mkubwa ulikuwa kwa kampuni chache: benki za Santander na BBVA, Inditex ya mavazi, Telefónica ya simu na Iberdrola ya umeme. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa na makao makuu Catalonia. Santander ilitegemea sana Brazil na Uingereza, BBVA ilitegemea Mexico, na maduka ya Inditex yametapakaa duniani kote. Upande wa Catalonia kulikuwa na benki za CaixaBank na Sabadell, kampuni ya gesi ya Gas Natural, Abertis ya barabara za kulipia, Grifols ya dawa, na nyingine chache. Hisa yenye uzito wa asilimia 2 ikianguka kwa asilimia 5, fahirisi nzima hupungua kwa sehemu moja tu ya kumi ya asilimia. Kwa hesabu hiyo, kampuni za Catalonia zisingeweza kuiangusha IBEX peke yake. Lakini ilianguka.

Bunge la Catalonia lilipitisha sheria ya kura ya maoni tarehe 6 Septemba 2017, na kesho yake Mahakama ya Katiba ya Uhispania ikaisimamisha. Kuanzia hapo hakuna mwekezaji aliyeweza kujibu swali la msingi: kura ipo au haipo? Jumapili ya tarehe 1 Oktoba watu walipiga kura huku polisi wakivamia baadhi ya vituo na kubeba masanduku. Serikali ya Catalonia ilitangaza kwamba waliojitokeza walikuwa takriban asilimia 43 ya wapiga kura, na asilimia 90 kati yao walitaka kujitenga. Madrid haikuitambua hesabu hiyo. Jumatatu IBEX ilishuka kwa zaidi ya asilimia 1. Jumanne usiku Mfalme Felipe VI alihutubia taifa kwenye televisheni, akawashutumu viongozi wa Catalonia kwa maneno makali. Jumatano, tarehe 4 Oktoba, fahirisi ilianguka kwa asilimia 2.85 na kufunga chini ya pointi 10,000. Siku hiyohiyo fahirisi ya Frankfurt ilipanda. Huo haukuwa upepo wa Ulaya nzima. Ulikuwa wa Uhispania peke yake.

Siku hiyo ya Jumatano inafaa kutazamwa kwa karibu. Hisa ya Sabadell ilipoteza zaidi ya asilimia 5, na ya CaixaBank karibu asilimia 5. Hilo linaeleweka: kama Catalonia ingejitenga na kujikuta nje ya Umoja wa Ulaya, benki zilizosajiliwa huko zingeweza kupoteza mlango wa Benki Kuu ya Ulaya, ambayo ndiyo huzikopesha benki fedha zinapokauka. Lakini Santander na BBVA, ambazo si za Catalonia, nazo zilianguka kwa zaidi ya asilimia 3 kila moja, na kwa kuwa uzito wao ni mkubwa, hizo ndizo zilizoivuta fahirisi chini zaidi.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni hatifungani za serikali. Benki za Uhispania hushika kiasi kikubwa cha hatifungani za Madrid. Wawekezaji wanapohofu kwamba eneo linalochangia karibu moja ya tano ya pato la taifa linaweza kuondoka bila kujulikana litabeba sehemu gani ya deni, hudai riba kubwa zaidi, bei ya hatifungani hushuka, na mali iliyomo kwenye vitabu vya benki hupungua thamani. Sababu ya pili ni ya kiufundi, na kwa maoni yangu ndiyo inayosahauliwa zaidi. Meneja wa mfuko wa uwekezaji aliyeko London au New York, anayetaka kupunguza hatari ya Uhispania asubuhi hiyo, hana muda wa kuchambua kampuni 35. Huuza mkataba wa bei ya baadaye wa fahirisi nzima, unaouzwa katika MEFF, soko la mikataba la Uhispania. Bei ya mkataba huo ikishuka chini ya thamani ya hisa zenyewe, wafanyabiashara wengine hununua mkataba na kuuza hisa kwa mkupuo ili wapate tofauti. Hivyo kampuni inayouza umeme Amerika ya Kusini hujikuta ikilipia mgogoro wa Barcelona. Madalali nao, wasipojua kesho kutatokea nini, hutanua pengo kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia, na kila anayetaka kutoka hulazimika kutoka kwa hasara kubwa zaidi.

Kwa watu wa kawaida mambo hayakuwa ya kinadharia. Wateja wa benki katika Catalonia walianza kuhamisha akiba zao, wengine kwenda benki za Madrid, wengine kwa kufungua kile kilichoitwa akaunti kioo: akaunti ya benki ileile, lakini katika tawi lililo nje ya Catalonia, kama vile mkoa jirani wa Aragón. Mzee mwenye pensheni yake hawezi kununua mikataba ya MEFF. Kinga yake ni kusafiri hadi tawi la mbali na kujaza fomu.

Alhamisi ya tarehe 5 Oktoba, Sabadell, benki iliyoanzishwa mwaka 1881 katika mji wa Catalonia ambao ndio ulioipa jina, iliamua kuhamishia makao yake ya kisheria Alicante. Hisa yake ilipanda kwa zaidi ya asilimia 6. Siku hiyohiyo Mahakama ya Katiba ilisimamisha kikao cha bunge la Catalonia kilichotarajiwa Jumatatu, na IBEX ikapanda kwa takriban asilimia 2.5, karibu kurudisha yote iliyopoteza Jumatano. Ijumaa serikali ya Madrid ilitoa amri ya kurahisisha uhamisho huo, ili bodi ya wakurugenzi iweze kuamua bila kusubiri mkutano wa wanahisa, na CaixaBank ikaenda Valencia. Hadi miezi ya kwanza ya 2018 kampuni zaidi ya 3,000 zilikuwa zimehamisha usajili wao. Nyingi hazikuhamisha hata meza moja. Zilihamisha anwani, kwa sababu anwani ndiyo iliyoamua zingekuwa chini ya sheria ya nani na benki kuu gani.

Tofauti na Uskoti ni kubwa. Kura ya kujitenga ya Uskoti ya tarehe 18 Septemba 2014 ilitokana na Makubaliano ya Edinburgh ya Oktoba 2012, ambayo Waziri Mkuu wa Uingereza David Cameron na kiongozi wa serikali ya Uskoti Alex Salmond waliyatia saini. Swali lilijulikana, siku ilijulikana, na kila upande uliahidi kuheshimu matokeo. Hofu yenye tarehe huweza kununuliwa na kuuzwa. Mwekezaji hununua mkataba wa chaguo, unaompa haki ya kuuza kwa bei iliyopangwa, na gharama ya mkataba huo hupanda pale tu muda wake unapoifikia siku ya hatari. Ndiyo maana kinga ya mwezi mmoja dhidi ya kushuka kwa pauni ilipanda bei katikati ya Agosti 2014, mikataba hiyo ilipoanza kuivuka tarehe ya kura. Catalonia haikuwa na siku kama hiyo: tarehe 10 Oktoba rais wake, Carles Puigdemont, alitangaza uhuru na kuusimamisha katika hotuba ileile. Hakuna mkataba wa chaguo unaoweza kupimwa kwa tukio la namna hiyo.

Jambo lenye uzito zaidi, hata hivyo, ni sarafu. Tarehe 7 Septemba 2014 gazeti la Sunday Times lilichapisha utafiti wa YouGov ulioonyesha wanaotaka kujitenga wakiongoza kwa asilimia 51. Jumatatu pauni ilishuka kwa zaidi ya asilimia 1 dhidi ya dola, na hisa za Lloyds, Royal Bank of Scotland na Standard Life zikaanguka. FTSE 100, fahirisi kuu ya London, haikushuka hata kwa nusu asilimia. Kampuni zake nyingi hupata mapato nje ya Uingereza, na pauni ikishuka, dola na yuro zinazoingizwa huwa pauni nyingi zaidi vitabuni. Sarafu hupokea pigo kabla halijaifikia fahirisi. Uhispania haikuwa tena na peseta, sarafu yake ya zamani, ya kupokea pigo. Yuro ni ya nchi nyingi, na haikuwa na sababu ya kuporomoka kwa ajili ya Barcelona, hivyo shinikizo lote likabaki kwenye hisa na hatifungani. Ushahidi mkubwa zaidi ni wa tarehe 24 Juni 2016, siku moja baada ya Waingereza kupiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya. FTSE 100 ilishuka kwa takriban asilimia 3. IBEX, ya nchi ambayo haikupiga kura hiyo, ilianguka kwa asilimia 12.35, anguko kubwa kuliko yote tangu ianzishwe hadi wakati huo.

Kwa hiyo anayetaka kujua soko linaionaje hatari ya kujitenga hapaswi kuishia kwenye namba ya jioni. Atazame pengo la riba kati ya hatifungani za nchi hiyo na za Ujerumani, hisa za benki zilizosajiliwa katika eneo lenyewe, na bei ya kinga.

Tarehe 27 Oktoba 2017 bunge la Catalonia lilitangaza uhuru kwa kura 70 dhidi ya 10, na Seneti ya Madrid ikaidhinisha kuchukua madaraka ya eneo hilo. Waziri Mkuu Mariano Rajoy aliitisha uchaguzi wa tarehe 21 Desemba. Jumatatu iliyofuata IBEX ilipanda kwa zaidi ya asilimia 2. Mgogoro ulikuwa haujaisha, na katika uchaguzi huo vyama vya kujitenga vilipata tena viti vingi, lakini sasa soko lilikuwa na tarehe. Mwaka ulifungwa fahirisi ikiwa juu kwa takriban asilimia 7, huku ya Frankfurt ikiwa juu kwa zaidi ya 12. Sabadell iliamua kurudisha makao yake Catalonia Januari 2025, zaidi ya miaka saba baadaye. CaixaBank ilibaki Valencia.