Datsun 240Z: Kuitambua Injini ya Asili

Mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki kwa Datsun 240Z. Gari hilo lilikarabatiwa na Nissan, Japani, mwaka 2013.

KUTAMBUA
Injini ya asili ya 240Z ni L24: silinda 6 za mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393. Safisha grisi ubavuni mwa bloku, soma namba iliyogongwa, kisha ilinganishe na ya kibati kilicho chini ya boneti. Silinda hedi za mwanzo zina alama E31.

KUKARABATI
Fundi, usiharakishe kutupa bloku iliyochakaa. Silinda zinaweza kuchongwa upya na kuwekewa pistoni kubwa kidogo. Namba iliyogongwa isisagwe kamwe: ndiyo ushahidi wa asili ya gari.