Gari la Ziwani

Tarehe 23 Januari 2010, mjini Paris, Bonhams walilinadi gari la Bugatti Type 22 la mwaka 1925 ambalo halikuweza kwenda hata hatua moja. Bati lake lilikuwa limeliwa na kutu, ubavu mmoja umebaki matundu matupu. Kwa zaidi ya miaka 70 lilikuwa limelala chini ya Ziwa Maggiore, upande wa Uswisi.

Yasimuliwa kuwa katika miaka ya 1930 mwenyewe aliliacha Ascona bila ya kulilipia ushuru wa forodha. Sheria ilitaka liharibiwe. Wenye forodha wakaona wepesi ni kulitosa. Lakini walilifunga mnyororo, kana kwamba walitumai kuna siku litaopolewa. Mnyororo nao ukaoza, gari likashuka hadi mita 53 hivi. (Ziko na hadithi za karata na dereva mashuhuri aliyelipoteza kamarini, hizo tuwaachie wenye mnada.) Mwaka 1967 mzamiaji mmoja alilikuta, na tangu hapo wazamiaji wa Ascona wakawa wanalizuru pale pale lilipo.

Kilichowafanya waliuze ni msiba. Februari 2008, katika sherehe za mji jirani wa Locarno, kijana wa miaka 22 alipigwa na vijana wenziwe hadi akafa. Wazamiaji wakaazimia kuliopoa gari, na thamani yake iende kwa taasisi iliyoundwa kwa kumbukumbu ya marehemu, kupambana na ukatili wa vijana. Julai 2009 likatoka majini, umati ukilitazama.

Wauzaji walilikadiria euro 70,000 hadi 90,000. Lilinunuliwa kwa euro 260,500. Kwa hesabu ya gereji huo ni wazimu, maana atakaye kulifufua angelazimika kuunda upya karibu kila kiungo, na mwishowe angemiliki gari jipya lililoazima jina la lile lililozama.

Mnunuzi, Mmarekani Peter Mullin, hakulifufua, na alifanya vyema. Alikuwa na mali na mafundi wa kutosha, lakini aliliweka na kutu yake katika makumbusho yake ya Oxnard, California, kati ya magari ya Kifaransa yaliyong'arishwa hadi mtu akajiona usoni pake. Makumbusho hayo yalifungwa Februari 2024, miezi michache baada ya yeye kufariki. Hadi siku hiyo hakuna fundi aliyelitia mkono.