Baiskeli isiyo na springi



Wapo wenzetu wa mjini ambao, wakitaka kumpelekea mjomba wa Kilosa baiskeli, huchagua ile yenye springi mbele na nyuma, kwa kuwa inafanana na pikipiki. Kabla hawajalipa, yafaa wakumbuke historia ya chombo chenyewe.

Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitengeneza baiskeli yenye mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Dunlop akaleta tairi la upepo. Hapo ndipo zilipotoka Raleigh na Phoenix za wazee wetu: chuma kitupu, magurudumu makubwa, na springi chini ya tandiko tu.

Hata Wamarekani walioanzisha baiskeli za milimani hawakuanza na mitambo. Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin, California, walichukua baiskeli kuukuu za Schwinn, nzito kama zetu, wakateremka nazo mlima Tamalpais. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu mpya kwa kazi hiyo, nayo haikuwa na springi. Uma wenye springi ulikuja kuenea baada ya mwaka 1990. Anayedhani springi ndiyo iliyozaa baiskeli ya milimani ameanza kusoma kitabu katikati.

Sasa tuje kwenye njia ya Kilosa hadi Mikumi, ile inayopita Ulaya (Ulaya yetu, si ya ng'ambo). Huko baiskeli ni gari la mizigo. Keria inabeba gunia la mkaa, mahindi, madumu ya maji, na pengine mgonjwa anayewahishwa zahanati. Mzigo huo ukikalia springi ya nyuma, fremu inadidimia na maungio yanalegea. Springi ya mbele nayo huingia vumbi, mafuta yakavuja, na kipuri chake hakipatikani kwa fundi wa chini ya mwembe. Lakini uma wa chuma ukipinda, fundi huyo huunyoosha. Fremu ya chuma ikikatika, huchomelewa siku hiyo hiyo. Aluminiamu haimkubalii.

Mtasema baiskeli hiyo inatikisa. Kweli inatikisa, hasa kiangazi. Ila tairi nene lenye upepo wa kiasi hupunguza sehemu kubwa ya mtikisiko, na kiraka chake ni cha bei ndogo.

Basi mjomba aulizwe kwanza atabeba nini. Fedha itakayobaki imnunulie keria imara, pampu na tairi la akiba.