Karanga ya kusaga: ilitoka wapi, na kwa nini sasa inatukimbia

Mu maduka ya katikati ya muji wa Butembo, karanga ya kusaga inauzishwa mu chupa nzuri yenye maandishi ya Kiingereza. Hatua chache kutoka pale, mu soko, mama anauzisha kitu kile kile mu kibakuli, anapima na kijiko, anafunga mu sashe. Ya duka tunaiita « pâte d'arachide ». Ya mama tunaiita tu karanga. Wengi hapa Mususa wanafikiri kama ile ya kwanza ni akili ya Wazungu, na ile ya pili ni chakula cha kijiji. Tuangalie historia.

Karanga yenyewe haikuzaliwa Afrika. Ilianza kulimwa Amerika ya Kusini, upande wa Bolivia na kaskazini ya Argentina, maelfu ya miaka iliyopita. Wareno njo waliileta ku pwani za Afrika mu karne ya 16. Wakulima wa huku hawakushangaa sana, juu walikuwa tayari na njugu mawe, yenye nayo inazaa chini ya udongo. Karanga ilikuwa na mafuta mengi kupita njugu mawe, na polepole ikachukua nafasi yake mu mashamba mengi.

Wakongo wa upande wa bahari waliiita nguba, na mpaka leo Lingala inasema vile. Neno hilo lilivuka bahari pamoja na watu wenye waliuzishwa utumwa: kusini ya Marekani kuko wenye wanaita karanga « goober », na ni nguba yetu ile ile. Kule Haiti karanga ya kusaga inaitwa mamba, na wanaitiaka pilipili. Mutu wa Kinshasa mwenye anapaka mwamba ya nguba na pilipili ku mukate asubui hawezi kujisikia mugeni kule Port-au-Prince.

Hati za uvumbuzi zilikuja nyuma. Mu 1884 Marcellus Gilmore Edson, mutu wa Montréal, Kanada, alipata hati ya Marekani juu ya namna ya kusaga karanga ya kukaanga mpaka inakuwa uji muzito. Mu 1895 daktari John Harvey Kellogg akaomba hati yake. Alikuwa anatafutia wagonjwa wake chakula chenye kinaweza kuchukua nafasi ya nyama. Watu wengi wanasema ni George Washington Carver alivumbua karanga ya kusaga. Hapana. Carver alifundisha wakulima weusi wa Alabama faida ya karanga, na kitabu chake cha 1916 kilitoa namna 105 za kuitayarisha, lakini hati hizo zilikuwa zimeisha kutolewa. Kwa maoni yangu, hati inaonyesha nani alifika kwanza ku ofisi. Wamama wenye walikuwa wanasaga ku jiwe hawakupita ku ofisi yoyote.

Mu 1922 Joseph Rosefield, Mumarekani, alipata namna ya kubadilisha kidogo mafuta ya karanga ili yasipande juu. Njo maana ile ya chupa inabakia sawasawa miezi mingi, na ile ya mama iko na mafuta juu kisha siku mbili. Mafuta kupanda haina maana kama imeharibika. Koroga, kula.

Namna ya kuitengeneza kwetu ni ya kawaida, lakini iko na adabu yake. Karanga inakaangwa ku moto kidogo, bila haraka, juu ikiungua inakuwa chungu na hakuna sukari yenye itaiponya. Unaiacha ipoe, unaisugua mu mikono ngozi itoke, unapepeta. Kiisha ni kinu, ao jiwe, ao ile mashini ya mukono yenye inafungwa ku meza. Kwanza inakuwa unga. Unaendelea, mafuta yanatoka, inalainika. Chumvi kidogo. Basi. Wengine wanapenda iwe laini kabisa. Mimi napenda yenye kubakia na vipande vidogo vya kutafuna. Jirani zetu wa kaskazini ya Uganda wanachanganya karanga na simusimu, wanaita odii, na mwenye hajaionja ku muhogo wa kuchemsha aikubali tu siku watamupa.

Lakini karanga na sombe, pale hatubishane na mutu. Sombe inapikwa masaa mingi. Karanga inaingia ku mwisho. Unaiyeyusha kwanza mu kikombe na maji ya moto, unamwanga, unapunguza moto na unakoroga, juu inapenda kushika chini ya chungu. Na bugali, hauulize tena kama nyama iko wapi.

Kuko kitu kimoja chenye kunyamazia ni vibaya: ukungu. Mu 1960, Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100 000 walikufa kisha kula chakula chenye kutengenezwa na karanga yenye ukungu. Njo vile wataalamu waligundua sumu yenye inaitwa aflatoksini, yenye inaharibu maini na inaweza kuleta kansa. Kukaanga haiimalize, na kisha kusaga hauwezi tena kuona punje mbaya. Mu 2019 Kenya ilisimamisha chapa kadhaa za karanga ya kusaga juu ya sumu hiyo, kwa hiyo chupa nzuri si hakikisho. Mwenye kuanika vizuri ku jua na kuchagua punje moja moja, kutosha yenye kujikunja na yenye kubadilisha rangi, anatulinda kupita kifuniko.

Sasa, karanga yenyewe inatoka wapi? Butembo iko juu, karibu na metre 1 700, na baridi yetu karanga haiipende. Inapenda joto la chini: Beni, Oicha, Mutwanga, bonde la Semuliki. Sisi wa Butembo tunakula kwa neema ya barabara. Na tangu Oktoba 2014, wakati mauaji ya raia yalianza mu eneo la Beni, mashamba mengi ya Mbau, Oicha na Eringeti yaliachwa. Kutoka mwisho wa 2020 hofu iliingia vilevile upande wa Mutwanga. Magunia ya Uganda yanapita Kasindi, na bei inafuata kodi, dola na usalama wa siku ile.

Matokeo yake yanaonekana ku vituo vya afya. Mutoto mwenye utapiamlo mukali anapewa sashe ya Plumpy'Nut, yenye ilivumbuliwa Ufaransa mu 1996 na daktari André Briend pamoja na Michel Lescanne wa kampuni Nutriset. Fungua sashe hiyo: ni karanga ya kusaga, unga wa maziwa, sukari, mafuta, vitamini na madini, gramu 92, kalori 500. Ni dawa nzuri, imeokoa watoto wengi, na sitaki mama hata mumoja aikatae. Lakini inaumiza kuona mutoto wa Beni, eneo lenye udongo wa karanga, anangojea karanga yenye imepanda ndege.

Kuna wenye wanasema wafanyabiashara wakubwa walete matrekta. Waingereza walijaribu kule Tanganyika mu 1947: Kongwa, Urambo, Nachingwea. Udongo wa Kongwa ulikauka sawa saruji, mashini zikavunjika, na mu 1951 waliacha, kisha kupoteza pauni milioni 36. Wakulima wa jembe wanaendelea kuivuna mpaka leo.

Wamama wenye walikimbia wanaijua hesabu hiyo. Kakao inaomba miaka mbele ya kuzaa. Karanga inaomba miezi 3 ao 4. Kwa hiyo wengine wanakodi kipande karibu na muji wa Beni na wanajaribu. Hata vile inawapasa kurudi shambani kupanda, kupalilia, kungoa na kuanika, na kila mara wanauliza kwanza wenye walipita ile njia asubui.