Kutofungamana: Neno, Azimio na Uzito Wake Leo

Neno "kutofungamana" limebeba hoja ndani ya umbo lake. Mzizi ni -fung-, na viambishi -am- na -an- huleta maana ya hali ya kushikana, kama ilivyo katika "shikamana". Kwa hiyo kinachokanushwa si urafiki, wala kauli, bali kifungo. Nchi isiyofungamana na upande wowote yaweza kusema, kuuza na hata kukopa, mradi uamuzi ubaki wake.

Tanzania ilijifunza tofauti hiyo kwa gharama. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani ya Mashariki, na Muungano wa Aprili ukairithi kadhia hiyo. Mwaka 1965 Wajerumani wa Mashariki waliporuhusiwa kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam, Ujerumani ya Magharibi iliondoa misaada yake ya kijeshi. Mwalimu Nyerere akaikataa na misaada mingineyo ya serikali hiyo. Desemba mwaka huohuo Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa.

Katika hali hiyo Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967. Wenyeji wa Mlima Meru walikwisha kuonja udhaifu wa hoja isiyo na nguvu nyuma yake: waliondolewa Engare Nanyuki mwaka 1951, na Kirilo Japhet alipolifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa mwaka 1952, alisikilizwa lakini ardhi haikurudishwa. Azimio la Arusha aghalabu husomwa kama waraka wa ujamaa. Hata hivyo, sehemu yake ya kujitegemea ni waraka wa siasa ya nje pia, kwa kuwa inaonya kwamba taifa linalojengwa kwa fedha za wageni huuhatarisha uhuru wake. Hoja hiyo Mwalimu aliirudia Dar es Salaam mwezi Aprili 1970, mbele ya mkutano wa matayarisho wa nchi zisizofungamana.

Utekelezaji ulikuwa mgumu kuliko tamko. Misaada iliongezeka katika miaka ya 1970, na mwaka 1986 serikali ilitia saini mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, yenye masharti mazito.

Je, siasa hiyo imepitwa na wakati? Tarehe 2 Machi 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura juu ya vita vya Ukraine, Tanzania na Uganda hazikupiga upande wowote, ilhali Kenya iliunga mkono azimio. Zote tatu ni wanachama wa Jumuiya yenye makao yake Arusha, na zote zimo katika jumuiya ya nchi zisizofungamana, ambayo viongozi wake walikutana Kampala Januari 2024. Hapana budi basi kila kura ipimwe kwa maana ya neno lenyewe: kura ya ndiyo yaweza kuwa huru, na kunyamaza kwaweza kuwa kifungo, ikiwa mwenye mkopo ndiye aliyeamua.