Kudungwa si lazima iwe kuchanjwa

Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, aghalabu husemwa kwamba mtoto ‘amedungwa’ kwa maana kuwa amepewa chanjo. Kitenzi ‘dunga’ maana yake ni kutoboa kwa kitu chenye ncha kali, kama vile mwiba au sindano. Nchini Tanzania wengi husema ‘kuchomwa sindano’.

Neno sanifu ni ‘chanjo’, nomino iliyotokana na kitenzi ‘chanja’, yaani kukata au kupasua, kama ilivyo katika kuchanja kuni na kuchanja chale. Jina hilo liliafiki kinga ya ndui, iliyotiwa mwilini kwa kukwaruza au kutobolea ngozi ya mkono. Ndui ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 1980, lakini neno limebaki.

Ikumbukwe kuwa maneno haya mawili hayalingani. Matone ya polio yanayotiwa kinywani ni chanjo, ingawa mtoto hadungwi. Kwa upande mwingine, anayedungwa dawa ya kutuliza maumivu hajachanjwa. Mzazi akimwambia muuguzi kwamba mwanawe ‘alidungwa’ juma lililopita, muuguzi hana budi kuuliza alidungwa nini na kutazama kijitabu cha kliniki, la sivyo huenda mtoto akakosa kinga ya surua.

Kwa hivyo, ‘kudungwa’ litumike katika mazungumzo ya kawaida. Katika maandishi rasmi, afadhali kutaja ugonjwa wenyewe: ‘Mtoto amechanjwa dhidi ya surua.’